Minya Mkono Wangu Kama Unataka Kuishi

Mwezi huu tuziache kidogo habari za nyumba ndogo na simu zinazofichwa chini ya mto. Nina stori ya mke, mume na kidudu sugu.

Novemba 2015, Steffanie Strathdee na mumewe Tom Patterson, wote maprofesa wa San Diego, Marekani, walikuwa Misri wakila raha zao. Ghafla Tom akaanza kutapika na kuumwa tumbo. Kongosho lake lilikuwa limevimba. Akakimbizwa Frankfurt, Ujerumani, ambako madaktari walimkuta na bakteria anayeitwa Acinetobacter baumannii, asiyetishwa na antibiotiki. Desemba akahamishiwa San Diego, na huko akazama kwenye koma.

Hapa ndipo ninapompendea huyu mama. Hakumwamulia mumewe. Alimshika mkono, akamweleza kuwa madaktari wameishiwa dawa, na kama bado anataka kupambana, auminye. Kimya. Kisha Tom akauminya!

Steffanie, ambaye ni mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, akazama kwenye tafiti na kukutana na bakteriofaji, yaani virusi vinavyoua bakteria. Si kitu kipya. Félix d'Hérelle aliviandikia Paris mwaka 1917, na kule Georgia kuna taasisi inayoshughulika navyo tangu 1923. Faji humwingia bakteria, huzaliana ndani yake, kisha humpasua. Seli zako haiziingilii. Tatizo ni kwamba kila faji ina bakteria wake, kama ufunguo na kufuli.

Basi mama akaanza kuwaandikia wanasayansi asiowajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wa Jeshi la Wanamaji wakasaka faji zinazomfaa Tom, nyingine zikitoka kwenye maji taka! Serikali ikatoa kibali cha dharura. Machi 2016 Tom akaanza kupewa faji, na siku chache baadaye akazinduka. Agosti akarudi nyumbani.

Sasa usikimbilie duka la dawa kuuliza faji. Huko Marekani bado ni tiba ya majaribio. Tunachoweza wewe na mimi ni kuacha ule mtindo wa "beibi, vidonge vyangu vimebaki vinne, meza tu." Kugawana dozi siyo mahaba jamani, ni kuwafundisha bakteria ujanja. Mpeleke mwenzio hospitali apimwe, na dawa azitumie kama alivyoelekezwa.

Halafu kuna hili la mkono. Tunaulizana rangi ya mapazia na jina la mtoto, lakini ni wangapi tunajua mwenzetu angetaka nini siku akiwa hawezi kusema? Muulize leo, angali mzima na anacheka.

Tukutane mwezi ujao!