Doa jeupe kwa kifua halijawahi kuua mbwa

Wasee wa mbwa mtanikasirikia, lakini acha niseme tu: kuna watu wanakataa mbwa mzima, mwenye afya, kwa sababu ya nywele chache nyeupe.

Mfano ni Cavalier King Charles Spaniel, kale kambwa kadogo ka masikio marefu mnakopenda kwa video za Instagram. Kiwango cha Kennel Club ya Uingereza kinamkubali kwa rangi nne tu: Blenheim (mweupe mwenye mabaka mekundu), rangi tatu, ruby (mwekundu mwili mzima), na mweusi mwenye alama za hudhurungi. Blenheim akiwa na doa jekundu katikati ya kichwa, hapo majaji wanatabasamu. Ruby akiwa na weupe kifuani, hiyo inahesabiwa kasoro.

Sasa skizeni vile jeni zinafanya kazi. Blenheim na ruby wote ni wekundu kwa jeni ileile. Kinachowatofautisha ni jeni ya weupe. Blenheim ako na nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ruby safi hana hata moja. Wakizaa pamoja, kila kijibwa anapata nakala moja: mwili mwekundu, na mara nyingi weupe kidogo kifuani, kichwani ama kwa vidole. Huyo ashaanguka maonyesho kabla hata hajafungua macho.

Na lile doa la kichwani? Mbwa akiwa tumboni, seli za rangi huanzia upande wa mgongo halafu zinasambaa mwilini. Jeni ya weupe inafanya zisifike kila mahali. Zitaishia wapi hasa, bahati pia inaingia, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani mabaka. Yaani unapewa maksi kwa sababu seli kadhaa zilitua mahali pazuri!

Ingekuwa ni urembo tu ningenyamaza. Shida ni kwamba wafugaji wengi, ili kukwepa hizo alama, wanazalisha wenye mabaka na wenye mabaka, wa rangi moja na wa rangi moja. Na ukoo wenyewe ulianza na mbwa wachache. Mwaka wa 1926, Mmarekani Roswell Eldridge alitoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya Crufts, London, akitafuta spanieli wa pua ndefu kama wa enzi za Mfalme Charles II. Mwaka wa 1928 chama kikaundwa, na kiwango kikaandikwa kwa kumwangalia mbwa mmoja, Ann's Son. Kisima kilikuwa kidogo tangu mwanzo, halafu tunakigawa tena kwa rangi.

Wakati huohuo Cavalier wengi wanapata ugonjwa wa vali ya moyo. Wengine fuvu haliwatoshi ubongo, majimaji yanatengeneza mashimo kwa uti wa mgongo, na mbwa anaishi na maumivu. Hali ni mbaya hadi mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya Norway ikaamua kwamba kuzalisha Cavalier kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Kumfuga si kosa. Kosa ni kuendelea kuwazalisha vile tunavyowazalisha.

Mtaniambia bila kiwango hakuna ukoo. Sawa, kiwango kibaki. Na rangi ikileta ugonjwa, ikataliwe: weupe uliozidi unaweza kuja na uziwi, waulize wenye Dalmatian. Lakini weupe kidogo kwa kifua cha ruby hauumizi mtu. Jaji uwanjani anauona kwa sekunde moja, na moyo unaovuja ndani ya bingwa hauoni.

Kwa hivyo mfugaji akiwa na ruby mwenye moyo safi na Blenheim mwenye moyo safi, awazalishe, na vijibwa wao wasiitwe makosa. Na wewe unayepanga kununua mbwa wa ukoo, kabla uulize kama ako na doa, uliza moyo wa mama na baba yake ulipimwa lini na daktari wa mifugo. Muuzaji akianza kukuonyesha picha za mabaka badala ya majibu, beba pesa zako uende.