Vyumba Viwili Vyenye Paa

Katika vijiji vingi huonekana kuta za nyumba kubwa zisizo na paa, majani yakiota ndani. Mwenyewe alianza vyumba sita, na fedha zikamwishia kuta zilipofika kimo cha madirisha. Kila masika mvua huziharibu, na ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa ili kununua saruji harudi tena.

Maoni yetu ni kwamba mkulima ajenge kwanza vyumba viwili, avimalize. Lakini ramani ya nyumba nzima ichorwe tangu mwanzo, ili vyumba vingine viongezwe baadaye bila kubomoa kitu.

Kabla ya kuchimba msingi, yafaa mume na mke wakae pamoja waandike gharama zote: mawe, saruji, mchanga, mbao, mabati, misumari, milango, madirisha na ujira wa fundi. Fedha za mabati zitengwe kwanza, wala zisiguswe. Tena katika kila shilingi 100, ziwekwe 10 kwa mambo yasiyotazamiwa. Karo ya watoto na fedha za mbegu zisihesabiwe kamwe.

Choo kiwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Mifereji ya paa pia isisahauliwe: mvua ya milimita 10 katika paa la mita 10 kwa 6 huleta karibu lita 600 za maji.

Huenda majirani wakaicheka nyumba ndogo. Na wacheke; anayelala pakavu hana haja ya kuwajibu.