Upupu Nyuma ya Nyumba

Mfanyakazi wa mjini anaporudi kijijini kwa likizo hutarajia kulakiwa na jamaa. Mwaka mmoja sisi tulilakiwa na upupu.

Kiwanja chetu kiko Zirai, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Nyumba ya marehemu bibi ilikuwa imefungwa kwa misimu miwili ya mvua. Katika muda huo upupu ulikuwa umeupanda mchungwa, umefunika mashina ya iliki, na kuinamia njia ya watoto waendao shule. Maganda yalikwisha kukauka, na kila upepo ulipovuma watoto walipita wakijikuna na kulia. Shangazi, ambaye ni jirani yetu, alisema bila kuficha: "Wanangu, shamba mmeliacha ninyi, lakini wanaojikuna ni wajukuu zangu."

Kwa aibu nilitafuta kiberiti. Shangazi akanizuia, na alikuwa na haki. Kinachowasha si majani, bali ni vinyweleo vilivyofunika maganda. Moto huvirusha hewani, navyo huweza kuingia machoni na vifuani mwa watu. Vikigusa ngozi hunasa humo, na kemikali iliyomo huleta mwasho mkali. Ndiyo maana upupu wenye maua ya zambarau haumtishi mtu, naye huacha kuushughulikia mpaka maganda yakauke. Wakati wa kuukata ni ule wa maua, kabla ya maganda.

Sisi tulikuwa tumechelewa, kwa hiyo ilitubidi kufanya kazi kwa tahadhari. Tulisubiri asubuhi isiyo na upepo, majani yakiwa bado na umande. Tulivaa mikono mirefu, glavu na miwani, tukafunga vitambaa usoni. Tulirashia maganda maji ili vinyweleo visiruke, tukakata mashina chini kabisa, kisha tukafukia kila kitu katika shimo refu. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Ikiwa mtu ameguswa, asijikune wala asijisugue, kwani atavieneza vinyweleo. Abandike utepe wa kunata au donge la unga uliokandwa, aubandue, na kurudia mara kadhaa, ndipo aoge. Vikiingia machoni, ayaoshe kwa maji mengi safi na kwenda zahanati bila kukawia. Watoto wakatazwe kabisa kula mbegu zake, kwa kuwa zina dawa kali.

Kazi haikuishia hapo. Mbegu zilizoanguka huota mvua zijapo, na hapana budi miche ing'olewe ingali midogo, tena na tena. Lakini upupu ni jamii ya kunde na hurutubisha udongo. Mahali hapo tulipanda viazi vitamu ili majani yake yafunike ardhi. Kabla ya kuondoka tulikubaliana kwamba Shangazi alime na kuvuna viazi hivyo, nasi tuje kila mwaka mwishoni mwa masika tushike mapanga pamoja naye.

Msomaji mwenye kiwanja nyumbani, usingoje likizo. Uliza leo nyuma ya nyumba yako kunaota nini, na ni watoto wa nani wanaopita hapo.