Mlipe fundi ufundi wake, vifaa nunua mwenyewe

Ukikaa na watu waliojenga au kukarabati nyumba hapa Dar es Salaam, malalamiko ni yaleyale. Fundi kala hela. Fundi kaingia mitini. Fundi kabomoa bafu, kaliacha wazi, na simu hapokei. Nayasikia kila siku kwa sababu nauza vifaa vya kumalizia nyumba Tabata: vigae, rangi, jipsamu, mabomba, masinki. Kwenye kaunta yangu anapita mwenye nyumba, baadaye anapita fundi wake, na kila mmoja ananieleza habari za mwenzake. Kwa yote niliyoyasikia nimefikia msimamo ambao wateja wangu wengi hawaupendi: fundi tunayemwita mwizi, mara nyingi tumemtengeneza wenyewe siku ile ya kwanza ya kupatana bei.

Chukua sebule ya mita 4 kwa mita 5. Hizo ni mita za mraba 20. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 huja vinne kwenye boksi, na boksi moja linafunika mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya pembeni na vitakavyovunjika, unahitaji maboksi 16. Sasa tuseme fundi amekutajia shilingi 10,000 kwa mita, yaani 200,000 kwa sebule nzima. Wewe unang'aka, unamwambia jirani kafanyiwa kwa 6,000, mnavutana mpaka anakubali 120,000. Unarudi ndani umefurahi, umeokoa 80,000. Kisha unamwambia: "Basi niandikie vifaa, nikupe hela ukanunue."

Anaandika maboksi 20. Tuseme dukani boksi ni 35,000. Yeye anakuletea risiti ya 38,000. Umetoa 760,000. Dukani ameacha 560,000, bei ya maboksi 16 yanayotosha kazi. Mfukoni zimebaki 200,000, pesa ileile aliyokuomba mwanzo ukaiona kubwa, na bado anakudai zile 120,000 mlizopatana. Hapo sijagusa saruji, grauti, wala nauli ya kirikuu.

Hicho ndicho cha juu, na kila mwenye duka la vifaa mjini hapa anakijua.

Kuna kijana mmoja fundi vigae ambaye kazi yake naiheshimu. Akikata kigae kuzunguka bomba la choo, utadhani kilitoka kiwandani na tundu lake. Siku moja alikuja amebeba orodha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba kwenye risiti uniandikie 38."

Nikamwonesha bei iliyobandikwa ukutani, nikamwambia mashine ya risiti itatoa hiyohiyo. Hakukasirika. Aliegemea kaunta akasema, "Mama, kwa hela ya ufundi aliyonipa yule mzee, nikishamlipa saidia fundi na nauli ya Kinyerezi, nyumbani napeleka nini?" Tukakata ubavu wa boksi tupu, tukaandika hesabu yake nyuma: saidia fundi siku nne, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha mchana, diski ya grinda. Kilichobaki kisingelipa hata kodi ya chumba chake. Nilimwambia achukue lile karatasi ampelekee mzee, wakae wazungumze upya.

Risiti ya uongo ni wizi, sina neno jingine la kuiita, na fundi anayeiomba anajua anachofanya. Lakini mzee yule naye alipanga malipo yasiyoweza kumlisha mtu, halafu akamkabidhi mtu huyohuyo pochi. Ukipanga kazi namna hiyo unawafukuza waaminifu. Fundi mwaminifu atakutajia bei ya kweli na utamwona ghali. Atakayekubali chochote unachotaja ndiye ameshajua pa kufidia.

Kwa hiyo ninachowaambia wanaoniuliza "mama, nipatie fundi mwaminifu" ni kwamba waanze na kutenganisha pesa mbili. Hela ya ufundi ni ya fundi, ipatane na jasho lake, na mtu asione haya kuipandisha. Hela ya vifaa isipite mikononi mwake kabisa. Akuandikie anachotaka, aina na vipimo, wewe uende dukani au upige simu kwenye maduka mawili matatu. Mzigo ukifika, uhesabu. Kwenye vigae, soma namba ya toni iliyopigwa ubavuni mwa boksi na uhakikishe maboksi yote yana namba moja, maana vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti vikilala sakafuni vinaonekana viraka. Kwenye rangi, ndoo za lita 20 zifunguliwe ukiwepo wewe au mtu wako, na maji ya kuzimua yapimwe kama kifuniko kinavyoelekeza. Rangi iliyozidishwa maji unaijua mapema: unaufuta ukuta kwa kitambaa, kitambaa kinatoka na rangi.

Watu walio mbali husema hawawezi haya. Nina mteja anayefanya kazi Muscat, alikuwa akimkarabatia mama yake nyumba Mbagala. Alikuwa ameshatuma pesa mara kadhaa kupitia kwa ndugu, na kila akituma anaambiwa saruji imeisha. Akapata namba yangu kwa jirani yao, akanipigia kwa WhatsApp. Akamtaka fundi ampe vipimo vya kila chumba, si orodha ya vifaa. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu, akalipa dukani moja kwa moja, mzigo ukaenda na kirikuu, na mama yake mwenyewe, mtu mzima aliyekaa kwenye kiti barazani, akahesabu maboksi yakishuka akatia saini kwenye karatasi ya mzigo. Fundi alinuna. Alikuwa ameingia kwenye kazi ile kwa malipo madogo kwa kutegemea vifaa. Yule dada alikuwa na akili: hakumgombeza, alimuuliza kazi yote kwa haki ni shilingi ngapi, akampandishia, wakaandikiana. Nyumba ikaisha. Fundi yuleyule, ambaye familia nzima ilishamwita mwizi, baadaye aliitwa na jirani wa pili.

Kumchagua fundi kwenyewe sisemi kuna siri. Usiangalie picha kwenye simu yake, picha ni za kila mtu. Mwombe akupeleke kwenye kazi aliyomaliza zamani, iliyopitiwa na masika mbili, na uongee na mwenye nyumba fundi akiwa nje. Swali langu huwa moja: ulipopata tatizo, alirudi? Kila kazi ina kasoro, ya nani haina. Aliyerudi kuziba ufa bila kudai nauli, huyo mshike. Na fundi anayekutajia bei kwenye simu kabla hajaiona nyumba, achana naye, hasa kwa ukarabati. Nyumba mpya unaiona yote. Nyumba ya zamani, mfano zile fleti za Upanga na Kariakoo, ukibandua vigae unakutana na mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu na nyaya ambazo hakuna anayejua zinaelekea wapi. Fundi mzuri anakwambia hayo kabla ya nyundo ya kwanza, na mnakubaliana kwenye karatasi kwamba kazi yoyote itakayojitokeza inaandikwa na kupewa bei kabla haijaguswa. Ugomvi mwingi wa ukarabati ninaosuluhisha hapa dukani ni wa kazi ambazo fundi aliziona za lazima na mwenye nyumba akaziona za kubambikwa.

Bafuni ndiko fundi anakojulikana. Sebule ikikosewa macho yataudhika. Bafu likikosewa maji yataingia ukutani, rangi ya chumba cha pili itavimba na kumenyuka, fangasi atafuata, na utalibomoa lote. Kabla mabomba hayajafukiwa, yajazwe maji, yazibwe, yaachwe usiku kucha, asubuhi kila kiungo kipapaswe kwa mkono mkavu. Hapohapo upige picha za ukuta huo futi ya kupimia ikiwa imewekwa kwenye picha, uzitunze. Siku utakapotaka kutundika kioo au hita utajua pa kutoboa. Vigae vikishalazwa, chukua sarafu ugonge kimoja kimoja. Kilichoshiba kinatoa mlio mzito. Kilicho na uvungu kinalia kama debe, maana yake fundi aliweka madonge ya udongo pembeni na katikati badala ya kutandaza, na siku kitakapoangukiwa na kitu kitapasuka. Mwisho mwaga ndoo nzima ya maji kwenye kona iliyo mbali kabisa na tundu la kutolea maji, usimame uangalie. Maji yaende yenyewe. Yakibaki dimbwi hata la kiganja, mteremko haupo, na ufagio wa kusukumia maji hautaondoka bafuni humo maisha.

Majaribio haya hayahitaji elimu ya uhandisi, na fundi anayejiamini hufurahi ukiyafanya. Nimewaona mafundi wanaokwenda wenyewe kuchukua ndoo.

Malipo yafuate majaribio hayo, yasifuate kalenda wala shida za fundi. Kianzio kidogo cha kumwezesha kuanza, kisha sehemu baada ya mabomba kupita mtihani wa usiku, sehemu baada ya vigae, na kipande cha mwisho, tuseme asilimia 10, kibaki mwezi mmoja baada ya kuhamia, kwa sababu kuna kasoro zinazojitokeza kwa kutumia tu. Iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, na wote wawili watie saini mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Na hapa niwaambie wenye nyumba ukweli wetu. Kipande hicho cha mwisho wengi hatukilipi. Mwezi ukifika, fundi anapiga simu anaambiwa kesho, wiki ijayo, mshahara haujatoka. Bafu linatumika, wageni wanasifia jiko, na aliyelitengeneza anadaiwa kodi. Fundi aliyefanyiwa hivyo na nyumba tatu, nyumba ya nne atajilipa mapema kwenye vifaa, na mwenye nyumba ya nne atalipia dhambi ambayo si yake. Ukishikilia pesa ya mtu kwa makubaliano, iweke pembeni siku hiyohiyo isichanganyike na ya matumizi.

Kuhusu vyeti, watu huniuliza kama waende CRB. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na ukitaka kampuni ikufanyie nyumba nzima, ulizia usajili wake huko kabla hujatoa hata senti. Lakini mafundi wengi wa kupaka rangi na kulaza vigae mitaani kwetu si makampuni na hawamo kwenye daftari hilo, wamejifunza kwa kubeba zege na kutazama mikono ya wakubwa zao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu mzuri wa kumpima fundi wa namna hiyo na kumpa cheti kwa ujuzi alionao bila kumrudisha darasani miaka miwili. Natamani wenye nyumba wakiulizie cheti hicho, maana wakikiulizia mafundi watakifuata. Kwenye umeme silegezi kamba hata kidogo: anayefunga nyaya awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya daraja linalohusika. Kigae kibaya kinachukiza. Waya mbaya ndani ya dari ya jipsamu unachoma nyumba na watu wamelala.

Waliobaki ni sisi wenye maduka, na kwa hili nasema nikiwatazama usoni. Cha juu hakiwezi kuishi bila mkono wetu. Mashine za risiti za EFD zimekuwepo tangu 2010, lakini bado kuna anayechomoa kitabu cha risiti za mkono chini ya kaunta fundi akikonyeza jicho, kwa hofu kwamba akikataa, mteja atahamia duka la pili. Ndiyo, atahama. Nimewapoteza mafundi kwa sababu hiyo. Ila wenye nyumba wakishajua duka gani halina bei mbili, wanakuja wao wenyewe, wanatuma ndugu zao walio Arabuni na Ulaya, na wanalipa bila kuomba mkopo. Kutengeneza risiti ya uongo ni kumwibia mtu ambaye hata hujamwona, mara nyingi mjane au kijana aliyejibana miaka kumi ughaibuni ili mama yake apate choo cha ndani.

Ikifika miezi ya mwisho ya mwaka, kila mtu anataka nyumba iwe tayari kabla watoto hawajafunga shule na wageni wa Krismasi hawajafika. Ndipo mafundi hukubali kazi tano kwa mpigo, na wenye nyumba hutoa pesa yote ili tu wasipoteze zamu. Mwenye bafu moja tu la kukarabati ni heri angoje Februari kuliko kumpa milioni fundi asiyemjua. Na wenzangu wa Tabata, Buguruni, Tegeta na Mbagala, tubandike bei ukutani kwa maandishi makubwa, na mwenye nyumba akipiga simu asomewe bei ileile aliyosomewa fundi wake asubuhi.