Taa isiyofunguka isipite bandarini

Mwuzaji akituletea taa mpya ofisini kwetu Deptford, katika halmashauri ya Lewisham hapa London, huanza kwa kusifia mwanga wake. Mimi huigeuza kifudifudi nikatafuta skrubu. Nisipoziona, na badala yake nikaona gundi imezungushwa kioo chote, najua kwamba siku kipuri kimoja kitakapokufa taa nzima itakwenda jaani. Taa ya namna hiyo siiandiki kwenye mchoro wangu, hata mwanga wake ukiwa mzuri kiasi gani.

Mimi ni msichana wa Unguja, na hii ndiyo kazi ninayoijenga: kubuni taa za maduka, kumbi na njia za waenda kwa miguu bila kupoteza umeme wala kuzalisha taka. Kilichonivuta kwenye fani hii ni jengo la Laban, chuo cha densi kilicho kando ya kijito cha Deptford, lililopata Tuzo ya Stirling mwaka 2003. Usiku, mwanga wa mle madarasani hupenya kuta za plastiki za rangi na kuwafikia wapita njia. Mwezi wa Desemba jua huzama hapa kabla ya saa kumi jioni, na mwanga ule ni faraja kubwa.

Nyumbani Zanzibar naona tumeridhika mapema mno. Tumeambiwa LED ni rafiki wa mazingira, tukaishia hapo. Ni kweli kwamba inakula umeme kidogo. Mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60 unaupata kwa wati 8 au 9. Sina hamu ya kuirudia ile balbu. Lakini mara nyingi kinachokufa kwanza si vijitaa vya LED vyenyewe. Hufa draiva, kile kikasha kinachoupoza umeme wa ukutani kabla haujavifikia vijitaa. Ndani yake mna kapasita zenye kimiminika, na joto huzikausha. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Basi taa iliyoandikwa saa 50,000 kwenye boksi, ikitundikwa chini ya bati kule Mwanakwerekwe, Unguja, mwezi wa Februari, haiwezi kutimiza ahadi ile. Ongeza umeme unaopanda na kushuka. Taa za barabarani za sola zilizounganishwa kila kitu pamoja ni mbaya zaidi, kwa sababu betri imefungiwa ndani ya kasha lile lile, mgongoni mwa paneli inayochomwa na jua mchana kutwa. Betri ikichoka, nguzo inabaki imesimama gizani.

Kapasita ni kitu cha bei ndogo sana. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaibadilisha upesi, mradi aweze kuifikia.

Mafundi hao tunao. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya umeme kutoka bara ilipoharibika, Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Nilikuwa mtoto wa shule, nikasomea kandili. Waliotuvusha ni mafundi wa soko la Darajani, waliofufua jenereta, wakaunga taa kwenye betri za gari, wakalehemu tochi zilizokwisha tupwa. Waliweza kwa sababu vitu vile vilifunguka. Leo tunawaletea taa zilizogandishwa kwa gundi, kisha tunasema vijana hawana ajira.

Uingereza hawakuacha jambo hili kwa hiari ya mwuzaji. Tangu Oktoba 2021 kanuni zinamtaka mtengenezaji ahakikishe chanzo cha mwanga na draiva vinaweza kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kuiharibu taa, na akishindwa atoe sababu ya kiufundi. Chama cha wahandisi wa huduma za majengo, CIBSE, kilitoa mwaka huo huo mwongozo wa TM66, ambao sisi hutumia kuuliza kila taa imeundwaje na itakwenda wapi ikifa. Huku Catford, London, tulishusha taa za halojeni za duka moja, tukaosha makasha yake ya alumini, tukapachika ndani bamba za LED na draiva zinazoshikwa kwa skrubu. Pesa ambayo ingenunua makasha mapya ililipa mikono ya watu.

Nimeambiwa gundi ndiyo inayozuia maji na wadudu. Raba nzuri na skrubu huzuia vilevile; taa nyingi za barabarani za hapa hufunguliwa zikiwa juu ya nguzo, na mvua ya London haiziingii. Kwetu sharti skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari pale Forodhani haina huruma. Bei? Ndiyo, taa ya kufunguka huwa ghali zaidi siku ya kununua. Manisipaa inayonunua taa zile zile mara ya pili baada ya miaka mitatu inalipa zaidi, na inalipa kwa fedha za kigeni.

Kwa hiyo naziomba Taasisi ya Viwango Zanzibar na Shirika la Viwango Tanzania ziweke sharti la taa kufunguka kwa zana za kawaida kwenye viwango vya taa zinazoingia nchini, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni ifundishe utengenezaji wa draiva, wasichana wakiwemo. Halmashauri zisisubiri kanuni. Kabla ya kulipa zabuni, chukueni taa moja katika shehena, mwiteni fundi wa mtaani, mpeni bisibisi, aitoe draiva na kuirudisha mbele ya mwuzaji. Akishindwa, shehena irudi ilikotoka.