Tunauziwa kioo, picha tutajijua wenyewe

Wadau, leo naomba niiweke kando siasa. Nataka kuzungumzia TV. Najua wapo watakaocheka kwamba mwandishi mzima nimekosa la kuandika, lakini nivumilieni kidogo. Hii habari imegusa pesa za watu ninaowapenda, na sehemu ya lawama ni yangu.

Mjomba wangu anaishi Jambiani. Agosti 2025, mechi za CHAN zilipokuwa zikichezwa hapo Amaan, aliamua kuistaafisha TV yake ya chogo ya inchi 21 na kununua ya flati. Nusu ya pesa alitoa yeye, nusu alitoa mkaza mjomba. Huyu mama analima mwani. Jambiani na Paje ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia Zanzibar mwaka 1989, na wanaokijua wanajua jasho lake: unasubiri maji ya bamvua, unainama baharini saa nzima nzima, unaanika, halafu mnunuzi anakupangia bei ya kilo anayoitaka yeye.

Mjomba akanipigia simu akiwa dukani, Darajani. "Mpwa wangu, wewe umesoma, nichukue ipi?" Mimi nilikuwa nakimbizana na habari ya mhariri, nikamjibu bila kufikiri: "Chukua kubwa, mjomba, iliyoandikwa 4K." Akachukua inchi 55.

Nilipofika Jambiani na gari la 309, Sudan walikuwa wanawafunga Nigeria mabao 4-0. Nasema walikuwa wanafunga kwa sababu nilimsikia mtangazaji. Kwenye kioo niliona wachezaji wanene wasio na nyuso, mpira wenye mkia, na nyasi za kijani kama rangi ya mlango. Mechi inachezwa mjini, kisiwa hiki hiki, sisi tunaiona kama tuko ndani ya ukungu!

Mkaza mjomba hakutaka kumuudhi mumewe. Aliningoja jikoni ndipo akasema: "Mwanangu, kwenye ile ya chogo nilikuwa naona mpaka namba za jezi." Mjomba naye alishapata mteja wa kuinunua kwa chini ya nusu ya bei. Alikuwa anaamini ameuziwa feki.

Haikuwa feki, na nitaeleza kwa nini, maana naamini wengi wenu hata hapo mjini mnaishi na ukungu huo huo sebuleni na mmeshauzoea.

Picha ya kawaida ya TV zetu za zamani ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla 414,720. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400. Gawanya uone: ni mara 20 kamili. Maana yake ukiingiza picha ya zamani kwenye kioo kipya, kila nukta moja iliyokuja inatakiwa ijaze nafasi ya nukta 20. Moja ni ya kweli, 19 TV inazibuni yenyewe. Kwenye chogo dogo ubunifu huo haukuhitajika, na makosa ya picha yalijificha kwenye udogo. Kioo cha inchi 55 kina eneo la karibu mara sita ya lile chogo. Kila kasoro iliyokuwa imejificha nayo imekuzwa mara sita.

Sasa, ya mjomba ilikuwaje? Fundi aliyekuja kufunga alichomoa king'amuzi kwenye chogo akakichomeka kwenye TV mpya kwa waya ule ule wa zamani, wenye ncha tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Huo waya wa njano, hata ukilipia chaneli nzuri kuliko zote duniani, hauwezi kupitisha zaidi ya ile picha ya mistari 576. King'amuzi chenyewe kilikuwa bado kimepangwa kwa TV ya mraba, kwa hiyo picha ikavutwa kwa upana. Ndiyo maana wachezaji walikuwa wanene.

Nikauliza boksi la king'amuzi liko wapi. Lilikuwa juu ya kabati, limewekwa vyeti vya watoto. Chini ya vyeti, ndani ya kifuko cha nailoni ambacho hakijafunguliwa, kulikuwa na waya wa HDMI. Ulikuwa umelala humo miaka yote.

Tukachomeka. Tukaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi tukaweka picha ya mistari 1080 na umbo la 16 kwa 9. Tukahamia chaneli ya HD ya mechi ile ile, ambayo mjomba alikuwa anailipia bila kujua. Kisha tukaigeukia TV. Ilikuwa bado katika hali ya dukani, ile ya Vivid, inayowekwa ili TV ing'are kuliko majirani zake chini ya taa kali. Nyumbani inachoma macho na kugeuza sura za watu kuwa za machungwa. Tukaweka Movie. Tukashusha makali ya kingo karibu na sifuri, maana makali hayo hayaongezi kitu cha kweli, yanachora tu mstari mweupe pembeni ya kila mtu. Na ile kazi ya kulainisha mwendo, inayoupa mpira mkia, tukaizima.

Mwisho tukasogeza mkeka. Kioo cha inchi 55 kina kimo cha kama sentimita 68. Picha ya HD inataka ukae mbali kiasi cha vimo vitatu, yaani kama mita mbili. Picha ya kawaida inataka vimo sita, yaani mita nne. Chaneli nyingi za nyumbani bado ni za kawaida, kwa hiyo ukizikodolea macho kwa karibu, ukungu utauona tu.

Jambo moja zaidi kwa watu wa pwani. Zamani dishi au antena ikiyumba uliona chenga. Kwa dijitali hakuna chenga wala ukungu wa dishi: picha inakuja safi, au inakatika vipande vipande, au inagoma kabisa. Ukiona vipande, panda kaangalie dishi na viungio vyake, maana chumvi ya bahari inavila. Ukiona ukungu, usimsumbue fundi wa dishi. Tatizo liko kwenye chaneli, waya au mipangilio.

Sasa maoni yangu, maana sikuja kufundisha ufundi tu. Zanzibar si wageni wa TV. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri mpaka 1994. Lakini biashara yetu ya TV bado inamtendea mnunuzi kama mshamba. Dukani anaonyeshwa filamu fupi ya maua na samaki, iliyotengenezwa maalumu kwa kioo kile, halafu anabebeshwa boksi. Hakuna anayemuuliza: mzee, nyumbani utachomeka nini? Swali hilo halina gharama, ila linaweza kupunguza ukubwa wa TV atakayonunua, na nadhani ndiyo sababu haliulizwi.

Kwa hiyo tuulize sisi. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji azime samaki wake achomeke king'amuzi, aweke taarifa ya habari. Akikataa, nenda duka la pili. Na pesa ikiwa ni ya kujikusanya, inchi 43 yenye chaneli nzuri na waya sahihi itakupa raha kuliko 55 yenye ukungu.

Na sisi tunaoitwa wasomi, tukiulizwa na wazee wetu tusijibu kwa haraka. Jibu langu la sekunde tano lilikaribia kumpotezea mama mmoja misimu yake ya mwani.

TV haikuuzwa. Nilipokuwa naondoka mkaza mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka, huko nyuma ukutani, anasoma namba za jezi kwa sauti.

Nawasilisha.