TAHARIRI: MPANGO WA VIJANA – KUPANGA NI KUCHAGUA

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakutana chini ya mwembe wa ghala kwa Mkutano Mkuu wa chama chetu. Ajenda ya sita ndiyo inayozungumzwa kila kona ya kijiji, kwenye kahawa, kisimani, na hata msibani: je, chama kikitengee tena fedha kikundi cha vijana kwa mpango wao wa mwaka, au basi? Vijana wamekwisha bandika mpango wao hapa ubaoni, kushoto kwa ukurasa huu. Tumeusoma. Una shughuli 11. Leo tunasema tunavyouona, bila kuficha na bila kumwonea mtu.

Kwanza tuseme ukweli wa mwaka jana. Mkutano Mkuu ulipitisha fedha za kitalu cha mikorosho. Desemba ikafika, mvua za kwanza zinanyesha, wananchi wanauliza miche, miche hakuna. Iliyokuwepo ilikuwa midogo kama kidole, mingine imekosa maji ikakauka. Watu wakasema, "Vijana wamekula hela." Maneno hayo yamerudiwa mpaka yameota mizizi.

Sisi tumekaa na daftari la mhazini wao, tukaona hivi. Kosa la vijana lipo. Sehemu kubwa ya michango yao wenyewe ilikwenda kwenye jezi, kukodi spika, na wali wa mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Walizindua kitalu kabla hawajanunua hata viriba! Lakini kosa la chama nalo lipo. Fedha zilizopitishwa Mei zilitoka mwisho wa Novemba, kwa sababu mwenye sahihi mmoja alikuwa safarini na mwingine amenuna. Mbegu ya korosho haingoji sahihi ya mtu. Na gazeti hili pia lina kosa: tuliusifu uzinduzi ule kwa maneno makubwa, hatukuuliza viriba viko wapi. Basi anayetaka kunyoosha kidole, anyooshe vidole vyote.

Wapo wazee wetu wanaosema fedha za wakulima zisichezewe mara ya pili. Tunawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Lakini tuwaulize kwa adabu: chama hiki mtamwachia nani? Tazameni mabenchi ya mbele ya mkutano wowote wetu, ni mvi tupu. Kijana akikosa shughuli hapa anapanda basi. Akibaki, Januari na Februari njaa inapobana, anaziuza korosho za msimu ujao hata kabla mti haujatoa ua, kwa mnunuzi wa kangomba, kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo haiandikwi kwenye vitabu vya chama, lakini ni hasara yetu sote, maana kilo zile hazipiti tena ghalani wala hazifiki mnadani. Tena kanuni ya tano ya ushirika, inayofuatwa dunia nzima, ni elimu, mafunzo na habari. Kumfundisha kijana si sadaka, ni kazi ya chama.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: vijana wapewe fedha. Lakini si kwa mpango huu wa shughuli 11.

Mwaka 1969, wakati wa kuanza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alituachia maneno matatu: Kupanga ni Kuchagua. Vijana wetu hawajachagua. Wameandika kitalu, kupulizia mikorosho, kuku, nyuki, bwawa la samaki, mashine ya kusaga, ligi ya mpira, ngoma, sare, safari ya mafunzo na maktaba. Jamani, hiyo ni orodha ya matakwa. Na ukiangalia tarehe, shughuli nne zimepangwa Oktoba na Novemba, wakati kila mwenye mikono miwili yuko shambani anaokota korosho. Nani atachimba bwawa?

Tunashauri wachague tatu, na kila moja ifungwe kwenye majira yake.

Ya kwanza, kupulizia mikorosho. Kazi hii inaanza Juni, miti inapochipua na kuanza kutoa maua, maana hapo ndipo ubwiri unga unaposhambulia. Salfa hupulizwa takriban kila wiki mbili, mara tano hivi. Wazee wengi na akina mama wajane hawana nguvu ya kubeba mashine. Vijana wakifanya kazi hiyo kwa ujira wa haki, wanapata fedha zao za kwanza bila kumwomba mtu. Lakini mashine iwe imetengenezwa kabla ya Mei kwisha, na anayepulizia afunike pua na macho. Salfa inawasha, si mchezo.

Ya pili, kitalu. Viriba na udongo viwe tayari Agosti. Mbegu zitiwe majini kwanza: inayozama ndiyo ya kupanda, inayoelea itupwe. Zipandwe Septemba na Oktoba, ili mvua za Desemba zikute miche ina nguvu. Zamu ya kumwagilia iandikwe kwa majina na ibandikwe hapa ubaoni. Kazi ya wote bila majina ni kazi ya hakuna.

Ya tatu, masomo ya hesabu za ushirika, Februari na Machi. Kijana ajue kusoma stakabadhi ya ghala, makato na taarifa ya mnada. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji taa, ubao, na katibu wetu mwenye subira.

Na mpira je? Mpira uchezwe, sisi si maadui wa mpira. Ila jezi zilipiwe na wachezaji na mashabiki, zisiguse fedha za kitalu.

Sasa tuje kwenye hela. Mfuko wa vijana uwe na vyanzo vitatu, na mpangilio wake ndio muhimu.

Chanzo cha kwanza ni wao wenyewe. Tufanye hesabu pamoja. Wanachama 30 wakitoa shilingi 500 kila wiki, ni shilingi 15,000 kwa wiki. Tuwasamehe wiki 13 za Januari mpaka Machi, maana tunajua hali za majumbani. Zinabaki wiki 39. Zidisha: shilingi 585,000. Fedha hizo zinaweza kununua viriba na mbegu kabla mtu hajapiga hodi ofisini. Kisha tukadirie miche. Wakiotesha 2,000 na robo ikafa, inabaki 1,500. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inachukua miche kama 28, kwa hiyo miche hiyo inatosha ekari zaidi ya 50. Wakiuza mche kwa shilingi 500, ni shilingi 750,000. Ndipo mwaka unaofuata wanaanza na mtaji wao.

Chanzo cha pili ni chama. Tunaomba Mkutano Mkuu upitishe fedha kwa mafungu matatu: la kwanza Mei kwa mashine, la pili Agosti kwa kitalu, la tatu Februari kwa masomo. Fungu la pili lisitoke mpaka hesabu ya la kwanza isomwe. Na vijana wakiwa wamesoma hesabu, chama kisichelewe hata wiki mbili. Mwenye sahihi akisafiri, aache mwenzake aliyeidhinishwa. Tumeumwa na nyoka mwaka jana, mwaka huu tuogope hata ung'ong'o.

Chanzo cha tatu ni halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki ya vijana wetu kuiomba, na kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Lakini wasiifanye kuwa nguzo ya nyumba. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Aliyekuwa ameutegemeza mpango wake wote hapo, mwaka ule alikaa kitako. Na mkopo ni mkopo: unarudishwa.

Lipo jambo moja ambalo mpango wa vijana haukulitaja, nalo linatukera. Vikao vyao vyote vimepangwa saa mbili usiku. Binti gani ataruhusiwa kutoka nyumbani saa mbili usiku kwenda kikaoni? Ndiyo maana kwenye orodha ya viongozi wao saba hakuna jina la msichana hata mmoja, na wakati huohuo kwenye kumwagilia kitalu mwaka jana wasichana ndio waliobeba ndoo. Vikao viwe saa kumi jioni, na mmoja wa watunza fedha awe msichana.

Mwisho, hesabu. Kila mwisho wa mwezi mhazini wa vijana abandike hapa ubaoni karatasi moja: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na risiti zake zikaguliwe na kamati ya usimamizi. Sisi tunaacha nafasi upande wa kulia kwa kazi hiyo tangu leo. Mwezi ambao nafasi hiyo itakuwa tupu, kila apitaye kwenda kisimani ataiona, na sisi tutaandika kwa nini. Fungu la chama likichelewa, tutaliandika hilo vilevile, hata kama aliyechelewesha ni mkubwa.

Vijana wetu, bado mna siku chache. Bandueni mpango ule, kaeni, mchague, mbandike mwingine wenye shughuli tatu na tarehe zake. Hakuna aibu katika kusahihisha. Wazee wetu, njooni Jumamosi mkiwa na maswali magumu, ila msije na hukumu mkononi. Akina mama, msikae nyuma kimya. Mnaijua bei ya kila ndoo ya maji iliyomwagwa kitaluni.

Mwaka jana miche ilikufa. Ikifa tena mwaka huu, hatutaweza kusema hatukujua.

Ushirika ni nguvu. Kazi iendelee.

Kamati ya Gazeti la Ukutani